Niliomba Kurudishiwa Kisichotolewa

Karatasi yenyewe ninayo hapa mezani. Imekunjwa mara nne, na mkunjo mmoja umeanza kukatika. Ni hati ya deni ya bima ya matibabu ya wafanyakazi, ya Juni 2018. Mstari wa kwanza ni ada ya bima, shilingi 1,850,000. Wa pili ni tozo ya mafunzo, asilimia 0.2, shilingi 3,700. Wa tatu ni mchango wa mfuko wa fidia kwa wenye bima, asilimia 0.25, shilingi 4,625. Wa nne ni ushuru wa stempu, shilingi 40. Jumla 1,858,365. Uisome juu hadi chini, uigeuze usome na nyuma, hutaiona kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Haimo kwa sababu haikutozwa. Nami nilichukua ile jumla, nikazidisha kwa 16, nikagawa kwa 116, nikapata 256,326, nikaiingiza kwenye orodha ya manunuzi kama VAT tuliyolipa, kisha nikaiomba serikali iturudishie.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na saba katika kazi ya hesabu. Nilikuwa mhasibu mkuu wa kampuni ya kuchanganya na kupakia chai, Changamwe. Naishi Likoni tangu kuzaliwa, kwa hiyo siku yangu ilianza kwenye feri kabla jua halijachomoza, halafu matatu hadi kwenye godauni letu, ambako ukiingia tu vumbi la chai linakukaa kooni. Chai tulinunua kwenye mnada wa hapa Mombasa, ule uliohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Ilikuja ya Kericho na Nandi, ya Uganda, ya Rwanda. Vijana wakaichanganya kwa kadiri alivyoagiza mnunuzi, wakaitia kwenye magunia ya karatasi, wakayapanga juu ya paleti, kontena likafungwa na kuteremshwa Kilindini. Nyingi ilikwenda Pakistani na Misri.

Ili kosa langu lieleweke, lazima nieleze namna muuzaji wa nje anavyoishi na VAT. Chai inayotoka nchini hutozwa kodi hiyo kwa kiwango cha sifuri. Mnunuzi wa Karachi halipi hata senti ya VAT ya Kenya. Lakini sisi, kwa magunia, kwa umeme, kwa lori, kwa kukodi ghala, tunatozwa asilimia 16 kila mwezi. Basi kila tarehe 20 unapopeleka hesabu ya mwezi uliopita, unakuta umelipa VAT wala hukukusanya. Serikali inakuwa na deni kwako. Deni hilo likilipwa mapema, kampuni inapumua. Likichelewa, tajiri anakwenda benki kukopa pesa ambazo kwa haki ni zake. Katika biashara ya chai, ambayo faida ya kilo moja ni nyembamba, marejesho hayo ndiyo yanayoamua kama vibarua watalipwa Jumamosi. Mhasibu anayejua kudai vizuri anaheshimiwa, na mimi niliheshimiwa.

Bima haimo katika mambo hayo. Sheria ya VAT ya 2013, katika Jedwali la Kwanza, imeitaja huduma ya bima miongoni mwa huduma zilizosamehewa kodi. Kampuni ya bima haikutozi VAT kwenye ada, kwa hiyo huna cha kurudishiwa. Jambo hili ni la darasa la kwanza la kodi, na mimi nililisoma, nikalifanyia mtihani, nikafaulu.

Vipi basi? Nimejiuliza sana, na naweza kuonyesha mahali pawili nilipoanza kupotea.

Mwaka 2017 shehena yetu moja iliingia maji ya mvua ghalani. Akaja mkadiriaji wa hasara, akapima, akaandika ripoti, akaleta ankara yenye VAT ya asilimia 16. Nikaidai, tukalipwa, na ilikuwa halali kabisa, kwa sababu sheria hiyo hiyo inapoisamehe bima inawatoa nje ya msamaha wakadiriaji wa hasara, wataalamu wa mahesabu ya bima na washauri wa bima. Mimi nikabaki na kumbukumbu fupi kuliko sheria: kwamba kwenye bima iko VAT ya kudai. Kumbukumbu ya namna hiyo ni hatari kwa mtu mzoefu, kwa sababu mzoefu hafungui kitabu tena.

Pa pili ni mazungumzo. Jamaa mmoja wa tajiri alikuja kutoka India, mhasibu mahiri, aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya huko inayouza huduma za kompyuta ng'ambo. Akanisimulia walivyokuwa wakidai. India ilikuwa na kodi ya huduma tangu 1994 mpaka ilipomezwa na GST, kodi ya bidhaa na huduma, tarehe 1 Julai 2017. Kampuni ya bima ilitoza kodi hiyo juu ya ada na kuiandika wazi kwenye ankara. Muuzaji wa nje akaidai chini ya kanuni ya 5 ya kanuni za CENVAT za 2004, zilizohusu kurudishiwa kodi iliyolipwa kwenye manunuzi. Mabishano yao yalikuwa makali. Je, bima ya mfanyakazi ni gharama ya kazi, au ni manufaa ya mfanyakazi mwenyewe na nyumba yake? Kuanzia tarehe 1 Aprili 2011 kanuni zilifungwa kwa bima ya maisha na ya afya iliyo hasa kwa matumizi binafsi ya mfanyakazi, na kesi zikaendelea kwenye mabaraza ya rufaa. Hata GST iliyokuja baadaye imeacha nafasi kwa bima ambayo sheria inamlazimisha mwajiri kuikata.

Jamaa yule alinieleza ya kwao, na alinieleza ukweli. Hakuniambia nifanye hivyo Kenya. Mimi ndiye niliyesikiliza kwa sikio la mtu anayetafuta kitu. Sheria inamlazimisha mwajiri? Nasi tunayo Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo kila mtu kazini anaiita WIBA, na inamtaka mwajiri awakatie watu wake bima. Nikaona hoja imekamilika. Wao walikuwa wanabishania maji yaliyomo kisimani, ni ya nani. Mimi nilitia ndoo kwenye kisima ambacho hakikuwahi kuchimbwa.

Kilichonifanya nilipende kosa lile ni jambo ambalo mpaka leo linaniuma kulitaja, kwa sababu lilikuwa zuri. Bima yetu ya matibabu ilikuwa ya wafanyakazi wa ofisini peke yao, pamoja na wasimamizi wachache. Vijana wa kupakia walikuwa na WIBA tu, yaani mpaka gunia likuangukie ndipo uonekane. Nikamwendea tajiri na karatasi ya hesabu. Nikamwambia, "Katika kila shilingi mia na kumi na sita tunazolipa bima, kumi na sita zinarudi. Kwa hizo zinazorudi tunaweza kuwaingiza vijana wa paleti, na watoto wao." Tajiri ni mtu wa hesabu na ni mtu wa huruma pia. Akakubali siku hiyo hiyo. Juni 2018 vijana wale wakapata kadi. Mmoja aliibusu kadi mbele yangu. Wiki ile, nikivuka feri jioni, nilijiona mtu wa maana. Dai la mwezi ule likalipwa mwaka uliofuata pamoja na mengine, bila swali. Nikalichukua hilo kuwa ushahidi.

Mwaka 2019 tuliajiri karani, msichana wa Kisauni, maeneo ya Mlaleo, aliyetoka kumaliza masomo ya uhasibu. Alikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kazi yake ilikuwa kuingiza ankara kwenye orodha. Hakuwa mwepesi wa mkono, lakini alikuwa anasoma kila karatasi kabla ya kuigusa kompyuta, na kwa hilo nilimkemea mara mbili. Julai, tukiwa tunafunga hesabu ya Juni, akasimama mlangoni kwangu ameshika hati ya bima.

"Ami, samahani. Hii kumi na sita ya bima siioni kwenye karatasi. Niitoe wapi?"

Nikamwambia imo ndani ya jumla, apige kwa 16 agawe kwa 116.

"Lakini Ami, hawakuandika kama wametoza. Na tozo zote wameziandika, hata shilingi arubaini ya stempu."

Nakumbuka nilivyomjibu, na nayaandika maneno yenyewe. Nilisema, "Mwanangu, umekuja kufanya kazi au kunifundisha kazi?" Akarudi mezani kwake. Nikamwona kupitia kioo akiiingiza ile namba, polepole.

Usiku ule sikulala. Shilingi arubaini ya stempu ilinikaa kichwani. Watu walioandika mpaka arubaini wangewezaje kuacha kuandika robo milioni? Mke wangu amelala, nikatoka ukumbini, nikaifungua sheria kwenye simu. Nikalitafuta Jedwali la Kwanza. Nikalisoma lile neno la bima, na yale yaliyotolewa nje ya msamaha. Yule mkadiriaji wangu wa 2017 alikuwamo humo, kwenye wale waliotolewa. Nikaelewa kila kitu pale pale, kwenye kochi, saa nane za usiku.

Kwa hiyo nataka ieleweke. La 2018 lilikuwa kosa la kutojali. La 2019 lilikuwa kosa mpaka usiku ule. Baada ya usiku ule halikuwa kosa tena. Ningeweza kuamka asubuhi nikarekebisha hesabu ya mwezi, tukalipa ya nyuma na riba ya asilimia moja kwa mwezi, mambo yakaisha. Nilichofikiria ni kadi za vijana. Nilifikiria uso wa tajiri nikimwambia kwamba zile kumi na sita hazikuwahi kuwepo. Na nilifikiria, nalisema kwa aibu, kwamba yule msichana angejua alikuwa sahihi.

Juni 2020 nikadai tena. Serikali ilikuwa imeshusha VAT kutoka 16 hadi 14 tangu tarehe 1 Aprili, kwa ajili ya korona, na ilibaki hivyo mpaka mwisho wa Desemba. Ada ya bima pamoja na tozo zake ilikuwa 2,109,490. Nikabadilisha hesabu kuwa 14 kwa 114, nikapata 259,060. Nilikagua mara mbili kwamba sikutumia kiwango cha zamani kimakosa. Niko na akili timamu, najua kodi haipo, na bado nahakikisha nimeikokotoa kwa kiwango kilicho sahihi. Mimi na kalkuleta siku ile, hiyo ndiyo picha yangu ninayoiogopa kuliko zote.

Jumla ya miaka mitatu, ukichanganya bima ya matibabu na WIBA, ilikuwa kama laki tisa na nusu.

Mlango ulifunguliwa nikauona. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta mpango wa kujitokeza kwa hiari. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021, aliyekuwa na kodi iliyofichika ya ndani ya miaka mitano kabla ya Julai 2020 aliweza kwenda mwenyewe kwa mamlaka ya mapato, KRA, akaeleza, akalipa kodi halisi. Mwaka wa kwanza adhabu na riba zote zilisamehewa, wa pili nusu, wa tatu robo. Miezi yangu yote mitatu ya Juni ilikuwa ndani ya kipindi hicho. Sharti lilikuwa moja kubwa: uende kabla hujaitwa. Aliyekwisha kuanza kukaguliwa hakufaidika. Nilikuwa nimeuchapa ule mwongozo, nikauweka kwenye droo. Januari ikapita nikisema nitakwenda baada ya kufunga hesabu za mwaka.

Februari barua ikaja. Mfumo wa kodi wa mtandaoni, iTax, ulikuwa umeshaanza kulinganisha anachodai mnunuzi na anachotangaza muuzaji, na kampuni ya bima, ambayo haikutoza VAT, haikuwa na cha kutangaza. Wakaguzi wakataka hati za asili. Kwa sababu ya mistari michache ya uongo, dai letu lote la wakati huo, la magunia na umeme na lori, lenye ukweli mtupu, likawekwa kando lichunguzwe upya. Walikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo.

Tajiri akaniita. Akauliza imekuwaje. Na hapa ndipo nilipofanya lile ambalo kwa ajili yake nimekaa kuandika haya yote.

Nikasema ni kasoro ya uingizaji. Nikasema karani mpya alichukua jumla za bima akazipiga kwa fomula ya ankara za kawaida, nami kwa wingi wa kazi sikuliona. Tajiri akataka maandishi, nikaandika, ukurasa mmoja, nikatia sahihi. Ukurasa huo ukaenda pia kwa wakaguzi. Sheria ya Taratibu za Kodi inatoza adhabu ya asilimia 75 kwa taarifa ya uongo iliyotolewa kwa makusudi, na asilimia 20 ikiwa si kwa makusudi. Tukatozwa 20, karibu laki moja na tisini badala ya laki saba na zaidi. Tajiri alinishukuru kwa maelezo yaliyokuwa wazi.

Yule msichana hakuwepo kabisa 2018. Aliajiriwa mwaka mmoja baada ya dai la kwanza. Yeyote angelinganisha tarehe angeona, na hakuna aliyelinganisha, kwa sababu maneno yalikuwa ya mhasibu mkuu.

Aliitwa, akasomewa. Alinitazama mara moja tu. Sikusema kitu. Wala yeye hakutaja siku ile ya mlangoni, na sijui kama ni adabu ilimzuia au alijua hataaminiwa. Mkataba wake ulikwisha Aprili, haukuandikwa mwingine. Alipokuja kuaga alisema, "Ami, niwie radhi kwa usumbufu." Akanitaka radhi mimi.

Juni 2021 marejesho yalikuwa bado yamezuiwa, benki imekaza, na ada ya bima ikachelewa kulipwa kwa siku kumi na tisa. Siku ya kumi na moja, saa nne usiku, simu yangu ikalia. Alikuwa kijana wa paleti, yule aliyeibusu kadi, jirani yangu huku Likoni. Mtoto wake wa miaka minne ana pumu. Walikuwa wamevuka feri naye, wako mapokezi ya hospitali.

"Mzee, kadi inakataa."

Nilimtumia pesa zilizokuwa kwenye simu yangu, mke wangu akaongeza zake, jirani mwingine akaongeza. Mtoto alitiwa mashine ya mvuke, akapumua, asubuhi wakarudi. Yule kijana alinishukuru kwa wiki nzima. Kila nilipomwona kwenye feri alimwonyesha mtoto wake: huyu ndiye babu aliyetusaidia. Bima ilipolipwa ilirudi ya wafanyakazi peke yao. Watoto waliondolewa.

Mwaka 2024 nilimwandikia tajiri barua. Sikusukumwa na mtu, na sitaki kujisifu kwa hilo, kwa sababu miaka mitatu ni mingi mno. Nilieleza usiku wa Julai 2019, nikaeleza swali la karani na jibu langu, nikaeleza kwamba ule ukurasa niliotia sahihi ulikuwa uongo tangu mstari wa kwanza. Nikaambatisha kitabu cha ajira kinachoonyesha tarehe aliyoanza kazi. Nikaandika kwamba tofauti ya adhabu ikidaiwa, iwe juu yangu. Tajiri aliisoma mbele yangu, akavua miwani, akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia tu?" Sikuwa na jibu ambalo lingemtosha. Niliacha kazi mwisho wa mwezi ule. Siku hizi nawafanyia hesabu wenye maduka wa huku Likoni, na mambo ya barua ile yako mikononi mwa mawakili wa kampuni na watu wa kodi. Nikiitwa, nakwenda.

Nakala ya pili niliipeleka Mlaleo kwa mkono. Nilimkuta kwenye kibanda cha M-Pesa cha dada yake, daftari la miamala mbele yake, kila namba imeandikwa kwa wino na kupigiwa mstari chini. Alininyanyukia, akanipa kiti, kama mtoto wa watu aliyefunzwa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima tangu Likoni. Nilipofungua mdomo yakabaki mawili matatu. Nikamwambia ulikuwa sahihi, nami nilijua, na nikakusingizia. Nikamkabidhi barua pamoja na hati hii ya bima.

Aliisoma barua yote, kurasa tatu, kwa kidole. Mteja akaja, akamhudumia, akarudi pale kidole kilipoishia. Alipomaliza akaichukua hati ya bima, akaitazama mstari kwa mstari, mpaka kwenye shilingi arubaini.

"Usiku ule ulipoisoma sheria," akasema, "asubuhi yake nilikuja kazini. Nilikuamkia."

Nikamwambia nakumbuka.

Barua akaiweka chini ya sanduku la pesa. Hati akanirudishia, akasema hii ni yako.